Nukta Sita

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na saa nne na dakika tano paa la ofisi likaanza kuvuja juu ya meza yangu. Si meza ya Jirani, yangu! Jirani ni mwanafunzi mwenzangu wa uzamivu wa fizikia. Meza zetu zimebanana kiasi kwamba akipiga chafya napangusa mimi, lakini miaka yote hii hajadondokewa hata tone.

Barua ya idara imefika. Natetea tasnifu Ijumaa, 29 Mei, saa tatu asubuhi. Usajili wangu unakufa tarehe 31. Nimeshapewa nyongeza mbili, na ya tatu wameandika "haitakuwapo" wakapigia mstari, kana kwamba mimi ni kipofu. Ni miaka saba hiyo. Nisipotetea mwezi huo, natoka mikono mitupu nikiwa na miaka thelathini na sita. Nimeanza daftari hili ili niache kuongea peke yangu, maana Baba ameanza kunitazama kwa wasiwasi.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Ndoo ya pili.

Jumamosi, 14 Machi

Baba kaniuliza tena, kwa mara ya mia, kazi yangu ni ya nini hasa. Alikuwa fundi wa injini miaka arobaini. Sasa amestaafu, tunaishi wawili, na kila wiki anaifungua redio ileile kuitengeneza.

Nikamwambia, "Ulimwengu unatanuka, Baba, na mwendo wa kutanuka unaongezeka badala ya kupungua. Wengi wanasema kuna nishati isiyoonekana inayousukuma. Profesa na mimi tunasema labda hakuna msukumaji. Labda vilivyojaa ulimwenguni vina mnato, kama mafuta mazito. Ukiingiza mnato huo kwenye kanuni ya uvutano, na kanuni yenyewe ukairekebisha kidogo, hesabu inaongeza mwendo bila kumwita msukumaji."

"Mafuta mazito yanaichosha injini, mwanangu. Hayaikimbizi."

"Huko ni kinyume. Mnato unapinga kutanuka, upinzani ule unahesabika kama shinikizo hasi, na shinikizo hasi kwenye uvutano linafukuza badala ya kuvuta."

Akafikiri. "Na mafuta yenyewe umeyapima?"

"Hayapimiki. Tunapima mwendo, mafuta tunayakisia."

"Basi hakikisha hicho kipima mwendo hakikudanganyi," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Jumanne, 17 Machi

Profesa karudisha sura ya tatu ikiwa nyekundu kama kidonda. Msimamizi wangu huyu hajui kusema "vizuri". Leo kakataa Kiambatisho B, jedwali la vipimo hamsini na saba vya mwendo wa kutanuka, kwa sababu sikuandika kila kipimo kimetoka kwa nani.

"Kila namba ina mama yake, binti. Fungua kitabu, nakili nasaba yote."

Kitabu ni kaunta buku lenye jalada jeusi, linakaa kabatini kwake. Hakuna anayetumia namba ya mtu mwingine bila kuiandika mle kwa mkono: imepimwa na nani, kwa njia gani, umeisoma wapi wewe mwenyewe. Mwanafunzi anaandika "imekaguliwa", Profesa anaweka saini. Ndiyo maana kisirisiri tunamwita Mzee Nasaba. Mimi ndiye niliyembandika jina hilo, na mzaha wa kukiita kitabu "rejesta ya vizazi na vifo" pia ni wangu. Dunia nzima ina kompyuta, sisi tunaandika namba kwa wino!

Jumanne, 24 Machi

Baba ana mafua. Sura ya nne imekwisha, tasnifu imekwenda kwa watahini, kimebaki Kiambatisho B. Ofisi bado inavuja.

Alhamisi, 2 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nilikaa na kitabu cheusi tangu asubuhi. Nilitarajia kunakili nasaba za namba zangu hamsini na saba na kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Safu ya nasaba ni tupu. Kuna namba, na mbele ya kila namba kuna mwandiko wangu: imekaguliwa, imekaguliwa, imekaguliwa, mara hamsini na saba, kwa wino mmoja, siku moja. Nakumbuka. Miaka miwili iliyopita niliandika yote kwa mkupuo nikiwa nakula, maana tulitaka kuwahi kupeleka makala kwenye jarida na mimi niliona nasaba ni usumbufu wa wazee.

Basi leo nikaanza kuwatafuta akina mama. Namba ya kwanza hadi ya thelathini, salama. Namba ya thelathini na moja imetokana na mpangilio wa magalaksi, kazi ya kundi moja la wapimaji. Nikahisi nimewahi kuliona kundi hilo leo leo. Nikarudi kwenye jedwali la pili, lile la umbali, ambalo hesabu yetu inalitumia sambamba na la kwanza. Kundi lilelile, magalaksi yaleyale. Ila jedwali la pili halitaji mwendo, linataja umbali uliopimwa kwa kile kipimo cha kale tunachokiita upeo wa sauti, yaani mwendo ambao mawimbi ya sauti yalifika ulimwengu ulipokuwa mchanga. Nikaugeuza umbali kuwa mwendo kwa kalamu. Tisini na sita nukta nane. Nikatazama jedwali la kwanza. Tisini na sita nukta nane. Hata kosa la kipimo ni lilelile.

Ni kipimo kimoja. Kimeingia mlango wa mbele kikiitwa mwendo, kikazunguka kikaingia mlango wa nyuma kikiitwa umbali, na sisi tukahesabu mashahidi wawili.

Nikaendelea hadi mwisho, nukta kwa nukta, maana kila kipimo kwetu ni nukta kwenye mchoro. Ni sita. Na hizo sita ndizo zenye kosa dogo kuliko zote, kwa hiyo sauti zao ndizo kubwa kuliko zote mle ndani. Matokeo yetu yote, kwamba mnato upo, kwamba si sifuri, kwamba modeli yetu inaipita ya nishati isiyoonekana kwa unywele, yanasimama juu ya unywele huo. Na mimi ndiye niliyeyaunganisha majedwali. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliishona mimi.

Jirani kaniuliza mbona nimekaa kama nimemwagiwa maji. Nikamwonyesha dari.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimerudi kuangalia saini ya Profesa kwenye ukurasa ule, maana nilijiambia lawama tugawane: yeye hasaini bila kusoma kila mstari, kwa nini huu aliupita? Tarehe ni 12 Juni. Mkewe alizikwa tarehe 10.

Mungu wangu, nilikipeleka kitabu nyumbani kwake. Nimekumbuka yote. Viti vya wageni vilikuwa bado uani. Alitoka na shati ambalo vifungo vimepishana, nikamwambia jarida linafunga kesho. Akaniuliza, "Umekagua?" Nikasema, "Nimekagua." Akaweka kitabu gotini, akasaini, wala hakufungua ukurasa wa nyuma.

Nimeona haya leo kiasi kwamba nimepita njia ya jikoni nisikutane naye kwenye korido.

Jumatatu, 6 Aprili

Labda nakuza mambo. Labda zikitolewa sita, matokeo yatabaki. Nimeiwasha hesabu upya bila hizo sita, kwenye kompyuta kubwa ya idara tunayoiita Bibi kwa sababu ya umri na kukohoa. Bibi anahitaji siku tisa bila kuzimika. Profesa nitamwambia nikiwa na jibu mkononi. Hiyo ni busara, si woga. Nimeiandika ili niiamini.

Alhamisi, 9 Aprili

Radi, umeme umekatika, Bibi kazimika siku ya nne. Hesabu imepotea yote.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimeanza upya.

Jumatano, 15 Aprili

Umeme tena, siku ya sita! Nimemwendea fundi wa umeme. Kaniambia jenereta ina maji kwenye tangi, tena akacheka, "Pole, daktari mtarajiwa." Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikarudi baadaye kumwomba radhi, nikamkuta amelala chini ya jenereta, tope hadi masikioni, anaitengeneza. Amenifundisha kuihifadhi hesabu kila baada ya saa, jambo ambalo nilipaswa kulijua miaka saba iliyopita. Nimeanza upya.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemwambia Jirani. Nilishindwa kubeba peke yangu. Alisikiliza, akafunga mlango.

"Nani anayesoma viambatisho?" akasema. "Umebakiza wiki tano. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukishapata cheti, andika makala nyingine, ujisahihishe taratibu kama mtu mwenye hekima."

"Na makala iliyotoka?"

"Miaka miwili? Mavi ya kale hayanuki."

Nilicheka, na nilipocheka nikaona jinsi ninavyotaka awe sahihi. Profesa alipita muda huohuo, akachungulia. "Kiambatisho B?" Nikasema, "Kesho kutwa, Profesa." Ni mara ya nne namwambia kesho kutwa. Kanitazama kwa muda kuliko kawaida, au nimeanza kuona macho kila mahali.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Bibi anakohoa lakini yu hai.

Jumanne, 28 Aprili

Jibu limetoka saa tano.

Zamani mnato ulikuwa 0.31, kosa 0.07. Mbali na sifuri, mtu angeapa. Sasa ni 0.09, kosa 0.10. Sifuri imo ndani, imekaa raha mustarehe. Na kwenye kipimo kinachoitoza modeli adhabu kwa kila kirekebishio cha ziada, yetu sasa inashindwa. Hatuwezi kusema mnato upo. Hatuwezi kusema haupo. Miaka saba, na jibu langu ni "sijui".

Jumatano, 29 Aprili

Baba alinikuta nimekaa jikoni na koti la mvua mwilini. Nikamweleza yote, hadi shati lenye vifungo vilivyopishana. Nilidhani atanifariji. Akavuta kigoda, akaketi.

"Niliwahi kufunga breki za lori nikasema nimekagua," akasema. "Sikuwa nimekagua. Nilikumbuka nikiwa nakula. Nililikimbilia lile lori kwa miguu hadi njia panda."

"Ulilipata?"

"Nililipata. Dereva alinitukana mbele ya watu wote. Mpaka leo sijui kama zile breki zilikuwa mbovu. Ila nilikimbia siku ileile, mwanangu. Wewe una siku ngapi?"

Ishirini na saba, tangu nilipoziona zile sita. Nilikasirika hata nikakataa kula, kama mtoto.

Jumatatu, 4 Mei

Nimemwambia Profesa.

Niliweka kitabu mezani kwake, nikafungua ukurasa, nikaeleza kwa dakika kumi bila kupumua. Mvua ilikuwa inapiga dirisha, ilibidi nipaze sauti, na kukiri kosa kwa sauti ya juu ni adhabu ya pekee. Alifuata kwa kidole. Alipofika kwenye saini yake kidole kikasimama hapo. Sikumtaja mkewe. Naye hakumtaja.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Jirani yangu tu."

"Na hili jedwali lililounganishwa, ulimpa nani?"

"Jirani, kwa sura yake ya pili. Na mwanafunzi mmoja wa chuo kingine aliyeniandikia."

Akaandika majina kwenye karatasi. Akafunga kitabu, akakitia kabatini, akageuza ufunguo, akautia mfukoni. "Nenda. Usimwambie mtu mwingine mpaka nikuite."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nani anajua, kisha kabati, kisha ufunguo. Nilikuja kumwomba radhi mtu, nikamkuta ni kama sisi wengine tu.

Alhamisi, 7 Mei

Mlango wa Profesa umefungwa. Taa inawaka ndani. Nimebisha, hakuitikia.

Ijumaa, 8 Mei

Umefungwa.

Jumanne, 12 Mei

Umefungwa. Jirani naye hanisemeshi. Juzi alihesabu akagundua kwamba nukta sita zangu ziko kwenye sura yake pia. Ameondoa kiti chake pembeni ya meza yangu, kakisogeza hadi dirishani. Nikitaka kuazima kalamu naandika kikaratasi.

Ijumaa, 15 Mei

Katibu wa idara anataka nakala ya mwisho ya mawasilisho. Nikamwambia nasubiri Profesa. "Profesa kaagiza asisumbuliwe," akasema. Asisumbuliwe! Mimi nimebakiza wiki mbili za uhai, yeye asisumbuliwe. Mtu aliyenitesa miaka saba kwa ajili ya nukta na mkato, leo nukta sita zinamhusu yeye, kageuka mlinzi wa kabati. Na mimi nilijilaumu kwa ajili yake mpaka nikakosa usingizi!

Nimeamua. Nitaandaa mawasilisho yangu mwenyewe, yenye 0.09 na sifuri ndani yake. Nitayasema mbele ya jopo, apende asipende. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nasema kweli. Naandika haya kwa hasira lakini nimeyasoma tena na bado nayataka.

Jumatano, 20 Mei

Mvua imepungua. Mawasilisho yamekwisha.

Jumatatu, 25 Mei

Profesa kaniita saa mbili asubuhi. Niliingia nimeshikilia karatasi zangu kifuani, tayari kwa vita.

Meza ilikuwa haionekani. Makala zimechapishwa, zimepangwa mafungu mafungu, kila fungu na kijikaratasi. Kitabu cheusi kilikuwa wazi. Safu ya nasaba imejaa, namba zote hamsini na saba, mwandiko wake mdogo uliosimama wima. Wiki tatu za kutafuta akina mama, yeye peke yake, na macho yake yale yasiyoona vizuri.

"Ni sita," akasema. "Niliogopa ni zaidi. Nimehesabu mara mbili, ni sita."

"Profesa, ulifunga mlango..."

"Ningekuambia nini kabla sijajua? Tena..." Akavua miwani. "Tena niliona aibu, binti. Sikutaka unione."

Akanisogezea barua tatu. Moja imekwenda kwa jarida, inaondoa makala. Nyingine kwa yule mwanafunzi wa chuo kingine, ya tatu kwa Jirani. "Ndiyo maana niliuliza nani analo jedwali. Nilitaka kujua tumewaambukiza wangapi."

Barua zote zilisema kosa ni la msimamizi. Jina langu halikuwamo. Kitabuni, pembeni ya saini yake ya zamani, ameandika tarehe ya juzi na neno moja: Sikuangalia.

Nikalia. Nimeandika humu mambo mabaya juu ya mtu huyu, siku kumi tu zilizopita. Sitayafuta, yakae yanitazame.

Alhamisi, 28 Mei

Jirani kakirudisha kiti. "Nisaidie kuzitoa," akasema. Tumezitoa. Sura yake imepona, mwenye bahati kweli huyu, hata hapa hakudondokewa.

Ijumaa, 29 Mei

Jopo la watu wanne. Mtahini wa nje ni mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia kwa mnyororo, kitabu changu cha tasnifu kimejaa vikaratasi vyake vya njano. Baba alikaa nyuma kabisa na tai aliyovaa mara ya mwisho siku anastaafu.

Mtahini hakupoteza muda. "Ukurasa wa mia na kumi unasema mnato si sifuri. Unasimamia hilo?"

"Hapana," nikasema.

Mwenyekiti akaangalia karatasi zake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Profesa akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, kosa hili lina saini yangu. Mwanafunzi alitegemea..."

Nikamkatiza. Miaka saba sijawahi kumkatiza Profesa. "Saini ni yake, uongo ni wangu. Aliniuliza kama nimekagua, nikasema nimekagua. Sikuwa nimekagua. Na nilichagua siku ambayo nilijua hataniuliza mara ya pili."

Profesa akakaa. Hakunitazama. Nikawaonyesha nukta sita, moja moja, mwendo na umbali wake. Nikawaonyesha 0.09. Nikawaambia vipimo tulivyo navyo leo haviwezi kuutenganisha mnato na sifuri, na ni vipimo vya namna gani vingeweza. Maswali saa nzima. Mengine nilijibu, mengine nikasema sijui, na kila niliposema sijui yule mama aliandika kitu.

Nilisubiri koridoni na Baba. Alinishika kiwiko. Wakaniita.

"Tasnifu uliyoleta imeanguka," akasema mtahini. Akaifunga nakala yake. "Uliyoitetea leo hujaiandika bado. Hiyo tumeipitisha. Kaiandike, una miezi sita. Umetetea kabla ya tarehe, usajili wako upo."

Nje Baba akauliza, "Sasa ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, Baba. Kwa kitabu ambacho hakipo."

"Basi twende nyumbani ukakianze," akasema, akalegeza tai.

Jumanne, 9 Juni

Jua. Ndoo zimerudi stoo.

Leo ilikuwa zamu ya kujaza jedwali jipya, ukurasa mpya wa kitabu cheusi. Nasaba nimeziandika mwenyewe, upya, bila kunakili zake. Profesa kavuta kiti upande wangu wa meza na kusema, "Nisomee." Nikasoma: namba, aliyepima, njia, mahali nilipoisoma. Yeye alifuata kwa kidole. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima, katibu akaleta chai ikapoa. Shati lake limefungwa sawasawa hadi shingoni. Nililitazama zaidi ya mara moja.

Nilipofika mwisho akafungua kalamu, akaiweka juu ya mstari wa saini.

"Umekagua?"

Kalamu ilikuwa inagusa karatasi.

"Subiri, Profesa," nikasema. "Sita za mwisho nizirudie."

Akaifunga kalamu, akaegemea kiti, akasubiri.